Mwisho wa Santuri ya Padri

Mimi ni mfanyabiashara wa mboga. Karoti, njegere na kabichi naziteremsha kutoka milimani hadi soko la Mawenzi mjini Morogoro, na kazi hiyo haimtaki mtu mwoga. Nagombana na madereva, nagombana na mvua, nagombana na wateja wanaobonyeza nyanya mpaka zinapasuka halafu wanaziacha. Lakini muziki wa Mjomba Benedikto ukianza kushuka kutoka kilimani, hata mimi huutua mzigo nikasimama, na sioni haya kusema.

Kwetu ni Lusangi, kijiji cha misheni kwenye miteremko ya Uluguru, juu kabisa ya Mlali. Kwetu mtu akifa hapigiwi kengele. Anapigiwa santuri. Mashine yenyewe ilikuwa ya betri, ya padri mzee wa Kizungu, nayo iliunganishwa na spika ya tarumbeta iliyofungwa juu ya mparachichi nyuma ya kanisa. Muziki ulitoka pale, wa vinanda vingi vya nyuzi na vya kupuliza, ukaanza polepole kana kwamba watu wanaingia chumbani kwa kunyata, kisha ukatanda bonde zima. Ukiusikia uko shambani, unasimama hapohapo. Huulizi ni nani. Unachota udongo kidogo, unaushika mkononi, unangoja. Muziki unakwenda mpaka filimbi moja inapanda peke yake, inapanda, halafu ghafla kimya. Hapo ndipo jembe la kwanza linapopiga ardhi kule makaburini, na wewe huko uliko unautupa udongo wako chini. Ukishautupa, ndiyo unashuka kwenda kuuliza ni nani.

Pabaya ni pale katikati, udongo ukiwa mkononi. Unawapitia watu wako wote kichwani, nani ulimwacha anaumwa, nani alipanda mtini asubuhi, nani alivuka mto. Nimewahi kusimama hivyo nikiwa msichana, na ndoo kichwani, nikajikuta naomba awe wa jirani. Sidhani kuna mtu wa Lusangi ambaye hajawahi kuomba vile.

Aliyekuwa akiinyanyua sindano ya mashine alikuwa mmoja tu, Mjomba Benedikto, kaka wa mama yangu. Alianza kazi kwa yule padri akiwa kijana, akimpikia na kumpalilia bustani. Padri aliletewa santuri ile na dada yake kwa meli, imefungwa ndani ya sweta, lakini safari ilikuwa imeiumiza. Karibu na mwisho palikuwa na mkwaruzo mrefu, na sindano ikifika pale kwenye filimbi ilikuwa inaruka na kurudi nyuma, inaruka na kurudi, mpaka mtu ainuke aiondoe. Padri alikuwa anainuka kila siku jioni baada ya chai, anaiondoa huku anacheka. "Mwisho wake umebaki baharini, Benedikto," alikuwa anasema. Mjomba akafundishwa kuinyanyua kabla haijaruka hata mara moja, na alikuwa na mkono mzuri kwa kazi hiyo.

Padri alipokaribia kufa alimwambia, "Siku wakinichimbia, nipigie ile. Sitaki vilio." Mjomba alitii. Watu walikuja wakasikiliza, jembe likaanguka muziki ulipokatika, na ingeishia pale kama si Athanas, mzee wa pale chini ya kanisa, ambaye wakati huo alikuwa kijana mwenye mdomo. Mama yake alifariki muda mfupi baadaye, naye akaenda kusimama mlangoni kwa Mjomba. "Padri, mtu wa kuja, amepigiwa. Mama yangu, mzaliwa wa hapa, mwenye ukoo na ardhi, asipigiwe?" Ungemjibu nini? Mama yake akapigiwa. Baada ya huyo hakuna aliyekubali mtu wake aondoke kimyakimya. Maparoko waliofuata walikunja nyuso, kisha wakazoea, na mmoja wao aliomba apigiwe naye.

Mjomba alipiga kwa ajili ya watu wote. Alimpigia baba yake. Alimpigia mwanawe wa pekee, mtoto wa kiume aliyekuwa anaanza kuita majina, na watu waliokuwepo wanasema aliinyanyua sindano palepale, bila kuruka hata kidogo. Mke wake, Winfrida, hakuwahi kulisahau hilo. Mimi nilimwita mama, maana kwetu mke wa mjomba ni mama, na siku moja tukichambua maharage aliniambia, "Mkono wake haukutetemeka, Glory. Nilimwangalia mkono, siyo uso. Haukutetemeka." Alisema hivyo miaka mingi baadaye, akiwa ametulia, kisha akaendelea kuchambua.

Basi mvua kubwa za mwaka juzi zikabomoa ukuta wa stoo ya kanisa. Mashine ikasagika. Santuri ikavunjika vipande, na Mjomba akaokota kimoja tu, kile cha katikati chenye karatasi ya duara yenye maandishi. Alikiweka chini ya mto. Msimu huo walifariki watu wawili Lusangi, na makaburi yao yalichimbwa kimya. Majembe yalianza bila mpangilio, huyu kabla ya yule. Watu walio mashambani hawakujua, wakakuta wenzao wamekwisha zikwa. Haikuchukua muda maneno yakaanza. Mjane mmoja akadai anasikia jembe la mumewe migombani kila alfajiri. Mwingine akasema kuku wake hawataki kuingia ndani. Mimi ningecheka, maana kuku wa Lusangi hawajawahi kutaka kuingia ndani, lakini niliona jinsi watu walivyokuwa wanamwangalia Mjomba kanisani. Walimwangalia kama mtu aliyefunga mlango na kupoteza ufunguo wakati watu wako ndani.

Na hapo ndipo Mama Winfrida alipoanza kukohoa.

Mwanzoni alisema ni moshi wa jikoni. Halafu akasema ni vumbi la maharage. Alipungua, akawa anafunga kanga mara mbili kiunoni. Kila nilipopanda kuchukua mzigo nilimkuta amekaa juani ameegemea ukuta, jasho linamtoka na baridi ya mlimani iko palepale. Nikamwambia Mjomba, tumpeleke hospitali mjini. Akakataa. Hakukataa kwa ubishi. Alikataa kwa hofu, na hofu ya mzee kama yule inatisha kuiona.

"Akifia huko?" aliniuliza. "Nimrudishe, nimchimbie kimya, abaki kwenye migomba kama wale? Hapana. Hapa hapa, nimwangalie, asife kwanza."

"Mjomba, asife kwanza ndiyo dawa gani?"

"Wewe nitafutie muziki, Glory. Mjini kuna kila kitu. Ukiniletea muziki, mchukue mama yako mpeleke unakotaka."

Nikamshika neno mbele ya Mama Winfrida mwenyewe, naye akaitikia kwa kichwa. Mjomba akatoa kile kipande chini ya mto, akakifunga kwenye leso, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Karibu na soko la Mawenzi yuko kijana wa makamo anaitwa Halidi, anatengeneza simu na kuwaingizia watu nyimbo kwenye flashi. Nilimwekea kipande mezani. Alikigeuza, akakipiga picha kwa simu, akaanza kutafuta. Nilidhani atanicheka. Badala yake alivuta kiti akakaa.

"Da Glory, hii ipo," alisema. "Kuna kampuni huko Ulaya wanachukua miziki ya zamani iliyorekodiwa enzi za mababu, wanaisafisha mikwaruzo, wanaitoa upya. Hii yako wameitoa tena juzijuzi tu. Nzima. Hadi mwisho."

Nikamwomba arudie. Hadi mwisho.

Akanionyesha picha ya jalada. Wasichana weupe wamesimama kwenye ncha za vidole vya miguu, wamevaa sketi fupi zilizosimama kama uyoga. Halidi alisoma maelezo, akawa ananitafsiria kwa shida. Kumbe ulikuwa muziki wa kucheza. Wanauita baleti, watu wanacheza hadithi nzima jukwaani bila kusema neno. Kipande chetu kilikuwa cha karamu, pale msichana anapotolewa ndani kwa mara ya kwanza ili watu wamwone.

"Kwa hiyo ni ngoma ya kumtoa mwali," nilisema.

"Kama hivyo. Nyie mlikuwa mnautumia kwenye nini?"

Nilifikiria Lusangi nzima, watu wamesimama mashambani na udongo mkononi, wanangoja jembe, na huku vinanda vinamwambia msichana atoke acheze. Halidi aliendelea kusoma. Ulirekodiwa ukumbini, watu wamejaa, na kampuni hawakuyaondoa makofi ya mwisho kwa sababu ndivyo usiku ule ulivyokuwa. Akauliza kama nataka akate sehemu ya mwisho, ni kazi ndogo. Nikasema mwenye muziki ataamua mwenyewe. Akataka kuujaribisha kwenye spika. Ulipotoka ule mwanzo wa kunyata, bila mikwaruzo, safi kama maji ya juu mtoni, niliruka nikaiziba spika kwa mkono. Pale sokoni hapakuwa na maiti. Kwetu haupigwi bila maiti.

Nilipanda na flashi, spika ya kuchaji, na simu ndogo yenye waya za masikioni, maana nilijua Mjomba hatakubali kuujaribisha kwa sauti. Ilikuwa asubuhi ya jua, ukungu umekwisha ondoka. Shikamoo, marahaba, chai, viazi. Kisha nikamweleza yote, hata habari ya wasichana na mwali. Nilidhani atavunjika moyo.

"Sawasawa," alisema. "Mwali hutolewa ndani. Marehemu hutolewa ndani. Wewe unaona tofauti gani?"

Nikamwekea waya masikioni, nikabonyeza.

Alikaa kwenye kigoda mbele ya mlango. Mama Winfrida alikuwa kwenye mkeka pembeni, na jirani yetu Kondo, anayeongoza wachimbaji wa makaburi, alikuwa ameegemea jembe lake uani. Sisi hatukusikia kitu; tuliusikia muziki kwa kumtazama. Tulimwona akifumba macho. Tulimwona akiinua kidevu, tukajua filimbi imeanza kupanda. Kisha mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe, vidole viwili vimeshika kitu ambacho hakipo, ukanyanyua sindano hewani.

Lakini muziki haukusimama. Tuliona macho yake yakifumbuka. Mkono ulibaki juu. Alikuwa anasikiliza kitu ambacho hakuna mtu wa Lusangi aliyewahi kukisikia, hata padri mwenyewe, na uso wake uliacha kuwa uso ninaoujua. Midomo ilifunguka kidogo. Akageuza kichwa taratibu, akamtazama mkewe kwenye mkeka, akamtazama muda mrefu mno. Kondo akaliweka jembe chini. Mimi nilitaka kumvua zile waya.

Alizivua mwenyewe. Akazikunja vizuri mapajani.

"Wanapiga makofi," alisema.

"Ni watu wa ukumbini, Mjomba. Nilikwambia. Wazungu wa zamani."

"Wamekufa?"

"Watakuwa wamekwisha kufa, ndiyo. Ni zamani sana."

"Basi." Alifuta paji la uso. "Maisha yangu yote nimekwenda kwenye tambiko, tunawapigia makofi wazee wa kale, tunangoja, hawajibu. Leo wamejibu. Nimewasikia wengi, Glory. Wengi kuliko niliowapigia."

Nikaona mambo yanaelekea kubaya, nikamkumbusha ahadi yetu. Gari ya mzigo ilikuwa inangoja chini darajani. Nikainuka kumshika Mama Winfrida mkono. Mjomba akasema, "Mwache."

"Tulikubaliana!"

"Kabla ya makofi kuna kimya kidogo," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililonitisha zaidi. "Na kwenye kile kimya kuna mtu anakohoa. Mara mbili. Kikohozi nakijua, nalala nacho. Yuko kule tayari, mwanangu. Wamekwisha mpokea. Ukimpeleka hospitali utakuwa umebeba nini?"

Nilimtolea maneno ambayo mtoto wa dada hamtolei mjomba wake. Nilimwita mchawi. Nilimwambia ni mbinafsi, anataka maiti ya kuchezea muziki wake mpya. Kondo akanivuta kanga ninyamaze. Mjomba hakunigeukia. Alikuwa anamtazama mkewe kama mtu anayetazama picha, na yeye yuko hai pale, macho wazi, anasikia kila neno.

Mama Winfrida ndiye aliyekata shauri. Alijiinua kwenye mkeka kwa mikono, akakohoa mpaka akamaliza, akanyoosha mkono. "Nipeni hizo waya."

Mjomba akasita. Akampa. Nikamwekea mwenyewe, nikaupeleka muziki karibu na mwisho. Alisikiliza ameinamisha kichwa, uso mkavu, kama anayesikiliza habari za mtu asiyemhusu. Ulipokwisha akazivua na kumrudishia mumewe.

"Si mimi huyo," alisema. "Huyo ni mwanaume, Benedikto."

Mjomba alizitazama zile waya. Nilimwona, naapa, akiweka kiganja kifuani mwake kidogo, kisha akakiondoa.

"Mwanaume," alisema.

"Mwanaume. Sasa niache niende."

Akamwacha. Alimfungia mwenyewe kanga za safari na kumpa fimbo yake, akasimama mlangoni tukiteremka. Sikumuaga. Bado nilikuwa na hasira, na nilidhani nimeshinda.

Hospitalini walisema ni kifua kikuu, tena kimechelewa lakini kinatibika. Alilazwa, akapewa dawa, kisha akaruhusiwa kukaa kwangu mjini akimeza vidonge kila siku na kwenda kliniki. Muuguzi aliniuliza nani anaishi naye nyumba moja. Nikamtaja Mjomba. "Huyo lazima aje apimwe," akasema, "tena haraka. Wamelala chumba kimoja muda wote huo." Nikampigia Kondo, ambaye simu yake hushika mtandao akipanda jiwe lake la kawaida. Akapeleka ujumbe, akarudi juu ya jiwe.

"Anasema hana haja," Kondo aliniambia. "Anasema ameshaambiwa."

"Ameambiwa na nani?"

"Hakusema. Ila anakohoa, Glory. Hata mimi nimemsikia."

Nilipanda mwenyewe kumfuata. Nilimkuta shambani anapalilia vitunguu saumu, amekonda, mchangamfu kuliko siku zote. Nikabembeleza, nikatisha, nikapiga magoti kwenye matuta. Alinipakia kapu la njegere kwa ajili ya mkewe akaniambia nisichelewe gari. Aliniuliza kama anakula vizuri. Aliniuliza kama analala bila kukohoa, na niliposema ndiyo, siku hizi analala, alifurahi sana, akasema, "Unaona?" Nilishuka na lile kapu nikilia barabarani, watu wakadhani nimefiwa.

Mama Winfrida hakuambiwa yote. Mgonjwa hapewi habari za hivyo. Afya ilimrudia mbele ya macho yangu. Akaanza kunifokea kuhusu vyombo vyangu, nikajua amepona. Mchana mmoja tukimenya zile njegere, alianza kucheka peke yake.

"Unacheka nini, mama?"

"Ule muziki. Sikio langu hili limeziba tangu utotoni, na lile lingine ulinichomeka vibaya, waya ukawa unaanguka. Sikusikia kikohozi chochote. Nilisikia mvumo tu kama mvua kwenye bati."

"Sasa ulijuaje ni mwanaume?"

"Sikujua. Nilitaka aniachie nije hospitali." Aliipasua njegere kwa kidole gumba. "Ningemwambia ni mbuzi, asingekubali."

Tukacheka wote wawili. Nilicheka kwa mdomo. Mimi nilikuwa nimemwona akiweka kiganja kifuani.

Baada ya hapo akafa mzee Athanas, yule yule aliyeanzisha mambo. Kondo alinipigia toka jiweni kunieleza jinsi ilivyokuwa. Mjomba alikuwa amefunga spika mpya juu ya mparachichi. Muziki ulitanda safi, watu wakasimama mashambani, wengine wakalia kwa furaha kuusikia tena. Na filimbi ilipopanda, Mjomba akazima kwa kidole. "Palepale, Glory. Ungesema mkwaruzo upo. Hakuna hata mmoja aliyesikia zaidi." Nilipomsimulia Mama Winfrida, alitabasamu.

"Bado mkono wake hautetemeki," alisema, na safari hii alisema kwa upendo. Jioni hiyo aliniambia anataka kurudi kwake.

Tuliondoka asubuhi, juu ya gari ya mzigo inayopanda tupu kuchukua kabichi. Nilikuwa nimejaribu kumpigia Kondo tangu jana yake, simu haikupatikana. Nilijiambia ni mtandao, maana Lusangi mtandao ni wa bahati. Gari ilituacha darajani, na toka pale tulitembea polepole, tukipumzika kila kwenye kona. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Alikuwa amemnunulia Mjomba sweta, kwa ajili ya baridi, akaligomea kabisa wazo la mimi kulibeba.

Tulikuwa tumefika kwenye matuta ya chini, mnara wa kanisa unaonekana, muziki ulipoanza.

Ule mwanzo wa kunyata. Pande zote za bonde watu waliokuwa wameinama waliinuka, mmoja hapa, watatu kule, wakasimama. Mama Winfrida naye alisimama. Alilishikilia sweta kwapani, akainama kwa shida, akachota udongo wa ukingo wa njia. Mimi nikachota wangu.

"Hatuulizi," nilimwambia, kwa kuwa niliiona midomo yake ikitaka.

"Siulizi." Alikuwa ametazama juu, kwenye mparachichi, na uso wake ulitulia. "Ila yeye yuko hapo mashineni. Huu ni wa mtu mwingine. Namwonea huruma, lakini ni wa mtu mwingine."

Niliipenda akili ile. Niliishika kwa mikono miwili. Benedikto ndiye mpigaji, muziki unapigwa, basi Benedikto yupo. Vinanda vilizunguka bonde na kurudi. Nikawapitia watu wangu wote kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilimruka mmoja kwa makusudi.

Filimbi ikaanza kupanda. Mama Winfrida akaufungua mkono wake, tayari kutupa. Ikapanda, ikapanda, ikafika pale.

Ikapita.

Haikukatika. Iliruka juu zaidi, na nyuma yake vinanda vyote vikaingia kwa pamoja, kwa kasi, kwa furaha, muziki wa watu wanaocheza hasa. Kule mashambani niliona watu wakigeukiana, udongo mkononi, hawajui wautupe lini. Hakuna jembe lililosikika. Aliyekuwa pale mashineni hakujua pa kuukatia muziki, na Lusangi nzima ni mtu mmoja tu aliyekuwa akipajua.

"Zima," Mama Winfrida alisema taratibu. "Zima, Benedikto. Umepita. Zima, mume wangu."

Nilimshika bega. Hakunihisi. Muziki ukakimbia mpaka ukafika mwisho wake, ule uliobaki baharini, ukakatika kwa kishindo, na bonde likawa kimya kabisa. Katika kimya hicho, toka kwenye spika juu ya mparachichi, mtu alikohoa. Mara mbili, kwa kifua kizito, wazi kila mtu asikie. Halafu makofi yakafumuka, mamia ya mikono, yakajaa bonde lote na kupiga milima na kurudi.

Mama Winfrida alikuwa amelielekeza sikio lake zima kule juu. Sweta lilikuwa limeanguka njiani.

"Kumbe ni mwanaume kweli," alisema.

Majembe yalianza baadaye sana, bila mpangilio, huyu kabla ya yule. Mama Winfrida hakuutupa udongo wake. Aliufumbata, akapanda nao mpaka nyumbani, na Kondo alipotoka mlangoni kutupokea, hakuwa na haja ya kusema kitu.